Uzinduzi wa Tepu

Mwaka wa 2002 Karatu ilikuwa na mtaalamu mmoja wa kompyuta, na hakuna aliyebishana naye kwa sababu hakukuwa na wa pili. Jina lake Elimringi, kijana wa Machame aliyekuja huku na cheti cha kozi fupi aliyoisoma Arusha. Cheti chenyewe alikivalisha nailoni ngumu mpaka kikang'aa, akakitundika katika ofisi ya Mradi wa Maji Chemchemi Tatu, mahali ambapo kila aingiaye lazima akione. Ukimpelekea tatizo, hakuligusa kwanza. Alivuta pumzi, akatikisa kichwa, akasema, "Hapa kuna hitilafu ya kimfumo." Watu waliondoka wameridhika, maana ugonjwa ukishapewa jina unakuwa kama umeanza kupona.

Sasa mtaalamu huyu alikuwa amependa. Alimpenda Brigita wa Ganako, msichana wa Kiiraqw mwenye mabega ya kazi na ulimi usiokopesha. Brigita naye alimpenda, na alilisema mwenyewe bila kuzungushwa. Kikwazo kilikuwa maji.

Mama yake Brigita, Mama Germana, alikuwa mjane mwenye nyonga mbovu. Zamani bomba la kijiji lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwake, akajichotea mwenyewe kwa kikombe na sufuria, taratibu, bila kumsumbua mtu. Tangu masika yaishe, bomba lilianza kudondosha, kisha likakohoa, kisha likanyamaza kabisa. Ikawa kila asubuhi na kila jioni Brigita anateremka korongoni na dumu mgongoni, na kupanda nalo.

Elimringi alipokwenda kujitambulisha, Mama Germana alimkaribisha kiti, akampa chai, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi sina neno na wewe," alisema. "Wala sina neno na Wachaga, mradi wasinunue shamba langu. Lakini ukimchukua huyu leo, kesho nani ananichotea maji? Siku bomba lile likitoa maji, walete wazee wako, nitawapikia kwa mikono yangu. Kabla ya hapo usinichoshe."

Elimringi aliteremka kilima akiwa na furaha kubwa mno kwa mtu aliyekataliwa. Maji! Maji yalikuwa kazi ya ofisi yake mwenyewe. Aliona kama mkwewe amemwambia, mlete mbuzi, naye anafuga mbuzi.

Bomba la Ganako lilichimbiwa chini na marehemu Wilibrodi, fundi mkuu wa mradi. Wilibrodi alikuwa mtu mbishi, mwenye kofia moja, aliyejua kila kiungo na kila vali kwa sababu alizifukia kwa mkono wake. Kijana mmoja wa Kidenishi aliyekuja kujitolea alimfundisha kuchora ramani ya bomba zima ndani ya kompyuta, kisha kila mwezi kuinakili kwenye tepu, kikanda kidogo kuliko kaseti ya redio, kwa usalama. Mdenishi akarudi kwao. Wilibrodi naye akaugua, akafa, na watu wakalia sana bila kukumbuka kumwuliza vali ziko wapi. Mwezi uliofuata radi ilipiga ofisini, ikaunguza diski ya kompyuta pamoja na kila kilichokuwamo.

Ikabaki tepu. Tepu ilikuwa salama kabisa, kwa maana haikuwa ofisini. Ilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati ya maji, Mwalimu Josephati, ndani ya kabati la vyombo, imefungwa kwenye kitambaa cha kufuma, nyuma ya vikombe visivyotumika.

Mwalimu Josephati alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na baada ya kustaafu alihamishia ukuu wake kwenye maji. Alikuwa mtu wa heshima. Shida yake ni kwamba aliamini jambo lolote linaweza kuharibika likifanyika kabla ya kutangazwa. Kazi yake kubwa katika maisha ilikuwa lile jiwe la msingi la mradi, bonge la zege lililopakwa chokaa, lililosimama bondeni kando ya barabara ili hata magari ya watalii yanayokwenda Kreta ya Ngorongoro yalione. Lilikuwa na jina la mgeni rasmi aliyezindua bomba, na chini yake, kwa herufi ndogo kidogo tu, jina la Josephati. Wakati lile jiwe linajengwa Wilibrodi aligombana na kamati mpaka akatupa kofia chini. Walichogombania hakuna aliyekikumbuka. Walikumbuka kofia.

Wananchi wa Ganako walipoona bomba limekauka, walileta majembe. Walitaka kuanza kwenye tenki kule juu karibu na msitu na kuchimba kulifuata bomba mpaka waone lilipoziba. Wakaitiwa mkutano. Elimringi ndiye aliyesimama, na kalamu sikioni.

"Ndugu zangu, karne hii hatuchimbi kwa kubahatisha," alisema. "Ukichimba bila data, utaharibu miundombinu. Ramani yote iko kwenye tepu. Nipeni muda niisome, niwaonyeshe mahali pa kupiga jembe moja tu, siyo elfu."

Watu walipiga makofi, wakarudisha majembe nyumbani. Brigita alikuwa nyuma ya mkutano na dumu lake. Yeye hakupiga makofi, lakini alikuwa amelishika dumu kwa mikono miwili, basi Elimringi akamsamehe.

*

Tepu ililetwa ofisini na Mwalimu Josephati mwenyewe, imo ndani ya kitambaa chake. Judith, katibu muhtasi, akafunga cherehani aliyokuwa akishonea sare za kwaya, akasogea kuona. Kompyuta ilikuwa imerudi kutoka Arusha na diski mpya. Ilikuwa ya mfumo wa Linux, uliowekwa bila picha za kubofyabofya. Unaiandikia amri, nayo ikipenda inajibu.

Elimringi aliandika amri ya kuiuliza mashine ya tepu hali yake: `mt -f /dev/st0 status`. Jibu likaja kwamba kifaa hicho hakipo.

"Hakipo vipi?" aliuliza Mwalimu Josephati. "Si hicho hapo nakiona?"

"Wewe unakiona, Mwalimu. Yeye hakioni. Hapa kuna hitilafu ya kimfumo."

Siku ile ilipita kwenye hitilafu ya kimfumo. Kesho yake Elimringi alifungua sanduku la kompyuta, akakuta vumbi jekundu la Karatu limejipanga humo kama liko kwao, na waya mpana wa mashine ya tepu umekunjwa vizuri na kufungwa kwa utepe wa gundi. Fundi wa Arusha aliyeweka diski hakujua ule waya ni wa nini, akaamua kuupumzisha. Elimringi akaurudisha mahali pake. Safari hii kompyuta ilikiri kwamba kifaa kipo, ila ikasema yeye Elimringi hana ruhusa ya kukigusa.

Hapo kwa kweli alijua la kufanya. Ilihitajika kuingia kama mtumiaji mkuu, yule ambaye mashine haimkatalii neno. Tatizo ni kwamba neno la siri la mtumiaji mkuu lilitolewa Arusha ndani ya bahasha iliyofungwa, na bahasha, kama muhuri na ufunguo wa stoo, ilikuwa mali ya mwenyekiti. Mwalimu Josephati hakukataa kulitumia. Alikataa kulitaja. Akasema ataliandika mwenyewe. Elimringi na Judith wakaambiwa wageukie ukutani, na huko nyuma yao wakasikia kidole kimoja kikitafuta herufi, kikipata, kikipoteza, na sauti ya mwalimu mkuu ikijinong'oneza: "...e... e iko wapi... ahaa." Alikosea mara nyingi. Alipopatia, Judith alikuwa amekwisha kulijua lile neno tangu mara ya pili, ila adabu ilimzuia kusema. Lilikuwa jina la mwenyekiti.

Baada ya ruhusa ikaja kasoro ya kusoma. Tepu ilianza kuzunguka, ikalalama, ikasimama, na kompyuta ikasema imeshindwa. Hili Elimringi alilitambua mara moja, na mtu yeyote aliyewahi kumiliki redio kaseti angelitambua. Kichwa cha mashine kilikuwa kichafu. Aliomba spiriti na pamba zahanati, akasafisha polepole, ulimi nje. Pamba ilitoka nyekundu. Akajaribu tena. Ikagoma kwa sababu nyingine, jambo la ukubwa wa mafungu ya data yaliyopangwa na Mdenishi; akahangaika na kitabu cha maelekezo mchana kutwa, akaiambia mashine ikubali fungu la ukubwa wowote, `mt -f /dev/st0 setblk 0`. Kisha akaandika `tar tvf /dev/st0`, amri ya kuorodhesha yaliyomo bila kuyatoa, akabonyeza.

Tepu ikaimba. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo, mstari baada ya mstari: tenki, kiungo, vali, kiungo, vali, shuleni, kanisani, kwa Tluway, bondeni. Wilibrodi mzima alikuwa humo, na ubishi wake wote. Judith alipiga kigelegele. Elimringi alimwona Brigita mawazoni, amevaa gauni, hana dumu.

Ilikuwa imebaki amri moja, ileile, ambayo badala ya t unaweka x, na ramani yote inateremka kwenye diski. Aliiandika. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe pale mkono mzito uliponyooka na kumshika kifundo.

"Subiri," alisema Mwalimu Josephati.

"Nisubiri nini, Mwalimu? Imefunguka!"

"Ndiyo maana nasema usubiri. Jambo kubwa namna hii utalifungua hivihivi? Tuko watatu, mmoja ana sindano mkononi. Hapana. Lazima izinduliwe."

"Mwalimu, watu hawana maji."

"Na wakipata maji bila kujua nani kawapatia, watashukuru nani? Haraka haraka haina baraka, kijana. Tutamwita mgeni rasmi. Yeye ndiye atakayebonyeza."

Elimringi alimtazama, akatazama kitufe. Angeweza kubonyeza. Kilikuwa kitufe kidogo, cha plastiki, na mwalimu alikuwa mzee. Lakini ndani yake sauti ya pili, ile iliyokitundika cheti ukutani, ilikuwa imekwisha kumwonyesha hema, vipaza sauti, mgeni rasmi akiuliza "mtaalamu ni yupi?", na Mama Germana mstari wa mbele akisikia. Akaondoa kidole. Akafuta amri, herufi baada ya herufi.

*

Mgeni rasmi ni kiumbe mwenye ratiba. Aliahidi Jumamosi, akaahirisha. Aliahidi nyingine, akapata msiba. Kamati iligawanyika kuwa kamati ndogo ya chakula, ya burudani na ya mapokezi, na zote zilikutana zaidi ya ilivyowahi kukutana kamati ya maji yenyewe.

"Ramani imeshaonekana," Elimringi alimwambia Brigita walipokutana njia ya korongoni.

"Umeinywa?"

"Brigita, ni suala la utaratibu tu."

"Acha zako, Eli." Alikuwa anahema, dumu limemwinamisha. "Mama anauliza hivi, mnaiona ramani halafu mnaifunika, kwani imekuwa maiti? Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi mgongo ndio unaniuma."

Alimpokea dumu, akalibeba mpaka juu. Kilima kile hakuwahi kukipanda na mzigo. Alifika shati limeshikana na mwili, na Mama Germana alimshukuru kwa upole ambao ulimchoma kuliko matusi. Usiku ule aliamua kwamba kesho atamwambia Mwalimu kungoja kumetosha.

Kesho yake, kabla hajafungua kinywa, Mwalimu Josephati aliingia na wazo. Mgeni rasmi atakapobonyeza, kitu cha kwanza kuonekana kwenye kioo kisiwe orodha ya mabomba. Kiwe risala. Kiwe jina lake, kwa herufi kubwa, na shukrani za wananchi. Ramani ifuate nyuma, kama inavyostahili.

"Inawezekana kitaalamu?" aliuliza.

Swali hili ndilo lililommaliza Elimringi. Mwulize mtaalamu kama anaweza, hatakumbuka tena kama inafaa. "Hakuna kinachoshindikana," alijibu.

Alichapa risala. Kisha akaiandikia tepu iipokee. Tepu ikakataa, ikisema imefungwa isiandikwe. Elimringi akacheka. Hilo nalo! Kila mtoto wa enzi ya redio kaseti analijua: kaseti ya dukani ina vitundu viwili juu, na ukitaka kurekodia nyimbo zako unaviziba kwa karatasi iliyotafunwa. Akaitoa tepu, akaigeuza, akaona kile kijimlango kidogo cha pembeni ambacho Wilibrodi alikisukuma kwa ukucha wake akafunga. Elimringi akakisukuma kwa ukucha wake akafungua.

Naye alikuwa mwangalifu, msimwonee. Alijua asirekodi juu ya ramani. Basi akaiorodhesha tepu yote kwanza mpaka mwisho, akaona jina la mwisho la Wilibrodi likipita, ndipo akaandika risala. Kwa sababu kaseti ukiisimamisha pale wimbo ulipoishia, ukabonyeza kurekodi, wimbo mpya unaanzia hapo. Nani asiyejua hivyo? Baadaye angeihamishia mbele kwa amri nyingine. Alipoita orodha tena kuhakikisha, risala ilitokea, ya kwanza kabisa, juu ya kioo.

"Imekaa mbele yenyewe," alimwambia Mwalimu, kwa mshangao kidogo.

"Unaona," alisema Mwalimu. "Hata mashine ina adabu."

Akaichomoa tepu, akaifunga kwenye kitambaa chake, akaenda nayo.

*

Siku ikafika. Hema lilisimamishwa pale penye bomba kavu la Ganako, viti vikavalishwa vitambaa, jenereta ikanguruma, kompyuta ikawekwa juu ya meza yenye maua. Wanawake wa kijiji walikuja na ndoo. Kamati ya mapokezi iliwaambia ndoo zikae nyuma ya hema zisionekane kwenye picha. Kwaya iliimba mpaka ikaishiwa nyimbo, ikarudia. Shangingi la mgeni rasmi likaingia jua likiwa limekwisha kugeukia upande wa msitu, likatimua vumbi juu ya sufuria za pilau.

Zilisemwa hotuba. Mwalimu Josephati alieleza jinsi kamati yake ilivyopambana na teknolojia usiku na mchana. Mtaalamu aliitwa asimame, akasimama, akapigiwa makofi, na akamwona Mama Germana akimwangalia kwa macho ambayo kwa mara ya kwanza yalikuwa na tumaini. Angeacha kila kitu akae hapo hapo ndani ya dakika ile.

Mgeni rasmi alibonyeza. Tepu iliimba. Kwenye kioo yakatokea maneno:

*Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi wananchi wa Ganako tunayo furaha isiyo na kifani kukukaribisha.*

Mgeni rasmi aliyasoma kwa sauti, yote, mpaka mwisho, akifurahia kila koma. Makofi yakatanda. Kisha akageuka akauliza, kwa wema tu, "Na hiyo ramani?"

"Inafuata, Mheshimiwa," alisema Elimringi.

Haikufuata. Alibonyeza, tepu ikajibu kwamba imefika mwisho. Akairudisha nyuma, akaisoma upya: risala. Akaiamuru iruke mbele: ikakataa, haina mbele. Hapo ndipo alipokumbuka ukurasa wa kitabu cha maelekezo aliouruka kwa sababu ulikuwa mrefu. Jina lile la mashine, st0, kila ukimaliza kazi naye huirudisha tepu mwanzo bila kukuambia. Anayeiacha ilipo ni nduguye, nst0. Alipoiorodhesha yote mpaka jina la mwisho, tepu ilikuwa imejirudisha kimya kimya mpaka kwenye jina la kwanza. Risala haikukaa mbele kwa adabu. Ilikuwa imekalia ramani, na pale ilipoishia mashine ilipiga alama kwamba hapa ndipo mwisho wa dunia.

Mwalimu Josephati aliona uso wake. Akapiga hatua mbele, akainua mkono kwa kwaya, na kwaya ikalipuka. Mgeni rasmi alikuwa mzoefu. Alijua wimbo unaoanza ghafla maana yake nini. Akasema kwa kipaza sauti kwamba anaitamka rasmi tepu hii kuwa imezinduliwa, akaelekezwa kwenye pilau. Alikula, akapewa kondoo, akaondoka. Muhtasari wa kamati wa siku ile unasema shughuli ilifana.

Walibaki wanawake na ndoo zao. Mama Germana alitembea na fimbo yake mpaka kwenye meza yenye maua.

"Sasa, mwanangu. Vali iko wapi?"

Elimringi angeweza kusema kuna hitilafu ya kimfumo. Maneno yalikuwa yamekwisha kufika ulimini. Alimtazama yule mama, aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja kuupumzisha mwingine, akayameza.

"Sijui, mama. Nimeifuta. Nilirekodi risala juu yake."

Mama Germana aliegemea fimbo yake.

"Huyu Brigita alipokuwa mdogo," alisema, "alichukua kaseti yangu yenye sauti ya marehemu baba yake akiongoza kwaya, akarekodi dansi la redioni. Nilimchapa, halafu nikalia, halafu nikampikia. Maji yakimwagika hayazoleki. Nenda kalale. Kesho uje na jembe."

*

Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji kizima, ulianza alfajiri kule juu kwenye tenki. Kila nyumba ilipewa kipande chake cha mtaro. Elimringi hakuwa na nyumba Ganako, akapewa kipande cha Mama Germana, na alichimba vibaya sana. Viganja vilimpasuka kabla ya saa ya chai. Wanawake walimcheka waziwazi, wakamwita Data. "Data, inua mgongo!" "Data, jembe halina kitufe!" Alicheka nao, kwa sababu ilikuwa haki yao, na kwa sababu Brigita alikuwa kipande cha jirani akichimba kwa mpigo mmoja kila alipopiga yeye miwili.

Bomba lilikuwa si gumu kulifuata. Hilo ndilo lililomwuma zaidi. Ukishalipata mahali pamoja linakuongoza lenyewe, linateremka kupitia mashamba ya maharage mpaka bondeni. Kesho yake mchana mtaro ulifika kando ya barabara, na bomba likaingia moja kwa moja chini ya jiwe la msingi.

Majembe yalisimama. Mtu mmoja akasema, polepole, "Kumbe ndiyo ile kofia."

Ndivyo ilivyokuwa. Pale bondeni, kabla bomba halijaanza kupanda kilima cha Ganako, ndipo tope lake lote hutuama, na hapo Wilibrodi aliweka vali ya kulitolea tope kila baada ya masika. Kamati ikamwaga zege juu yake kwa sababu panaonekana vizuri kutoka barabarani.

Mwalimu Josephati alifika akihema, ndani ya suti ileile ya uzinduzi. Alitandaza mikono mbele ya jiwe.

"Msiliguse! Jiwe hili limezinduliwa na kiongozi. Haliwezi kuvunjwa bila idhini ya aliyelizindua. Tuandike barua, tumwombe aje, afanye..." Alitafuta neno. "Aje alizindue kuvunjwa."

Hakuna aliyecheka. Heshima ilikuwa bado ipo, na jina kwenye jiwe lilikuwa limeandikwa vizuri. Watu wazima, wenye majembe mkononi na kiu nyumbani, walitazamana wakangoja mtu.

Mama Germana alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. "Haya, mtaalamu," alisema. "Tatizo hapo ni la nini?"

Elimringi hakuvuta pumzi wala hakutikisa kichwa.

"La zege, mama."

Akachukua nyundo kubwa iliyokuwa imeegemezwa kwenye mtaro, akamwambia Mwalimu Josephati, "Shikamoo, Mwalimu, naomba upishe," akapiga. Pigo la kwanza lilimrudi mpaka mabegani na halikufanya kitu. La pili lilichukua jina la Josephati. Kisha wengine wakaja na mitaimbo.

Vali ilipofunguliwa ilitema tope jeusi lenye kunuka, majani, na chura mmoja aliye hai. Likafuata tope jekundu, kisha maji mekundu, kisha maji. Walipoifunga, kilima kizima kilinyamaza kusikiliza, mpaka kutoka juu, penye bomba la mlangoni, ikaja sauti ya Brigita, ambaye alikuwa ametangulia mbio, akiita jina la mama yake.

Wazee wa Machame walipanda Ganako kabla ya mavuno, na Mama Germana aliwapikia kwa mikono yake, kama alivyoahidi, kwa maji ya mlangoni. Aliwaambia hatawadanganya: binti yake anamwoza kwa nyundo, kompyuta hajaielewa bado. Elimringi alikuwa ameupima mtaro wote kabla haujafukiwa, akachora ramani mpya, akainakili kwenye tepu, akaisoma yote ili ajue imo, akasukuma kijimlango akafunga. Hakumwambia mtu.

Mwalimu Josephati alikubali kuongoza kamati ya harusi, maana hakuweza kuona kamati ikapita bila yeye. Katika kikao cha kwanza alifungua kalamu akauliza mgeni rasmi atakuwa nani, ili kadi zichapwe na ratiba yake ijulikane mapema.

"Mwalimu, mwalike umtakaye," alisema Brigita. "Ila mwambie akichelewa atatukuta tumeshaoana."

Josephati aliinamia karatasi yake, akaiacha wazi nafasi ya mgeni rasmi.